Waliponiita Minza

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Sengerema, moyo ulikuwa ukinienda mbio bila sababu. Nimekaa zangu darasani, mara vidole vinakufa ganzi, hewa haitoshi, na ninajua kabisa kwamba nakufa. Baada ya muda mfupi niko mzima, nimelowa jasho, na darasa lote linanitazama.

Bibi, mama yake mama, tuliyeishi naye, hakusumbuka kutafuta maelezo. Dada yake, aliyeitwa Minza, alikufa bila mtoto, na kwetu Wasukuma tuliamini kwamba marehemu aliyesahauliwa humwandama mjukuu mpaka mjukuu apewe jina lake. Basi asubuhi moja akanikalisha mlangoni, akachanganya unga wa mtama na maji, akanipaka kifuani na kunifunga ushanga mweupe mkononi.

"Kuanzia leo wewe si Kabula. Wewe ni Minza."

Nikapona, kweli. Kisha hali ile ikarudi, tena darasani, na bibi akamjua mkosaji papo hapo: ni mwalimu, aliyekuwa bado ananiita Kabula. Akajifunga khanga, akaenda shuleni.

"Shikamoo, mama," mwalimu alimwamkia.

"Marahaba. Wewe ndiye unamrudishia mtoto ugonjwa. Mwite Minza."

Mwalimu wa watu akaniita Minza mpaka nikamaliza la saba. Hofu haikuisha, ila kila ilipokuja nyumbani, bibi aliacha alichokuwa akifanya, akanishika mkono mpaka ikapita.

Sasa nina watoto, naishi Buhongwa, na bibi tulishamzika. Hofu ile ilinirudia ukubwani, na safari hii nilikuwa nimechoka. Nilidhani ni presha; nikapimwa, nikaambiwa moyo hauna tatizo. Wifi yangu akasema ni mapepo. Mume wangu akasema, "Unawaza sana, acha tu." Kana kwamba nilikuwa nayapenda hayo mawazo! Nikaacha kwenda sokoni, nikaacha kwaya, nikaacha kupanda kivuko cha Kamanga kwa kuogopa kufia katikati ya ziwa. Mama yuko ng'ambo ya ziwa, kulekule Sengerema. Kila alipopiga simu nilimwambia nitakuja wiki ijayo.

Siku moja akaniuliza taratibu, "Mwanangu, kwani nimekukosea nini?"

Swali hilo liliniuma kuliko ugonjwa wenyewe. Kesho yake nilikwenda kliniki ya afya ya akili, ile niliyokuwa naikwepa nisije nikaitwa kichaa. Daktari, dada mdogo kwangu kwa umri, aliuliza, "Ni mambo gani umeacha kuyafanya kwa sababu ya hofu?" Nikaanza kuyataja, na la mwisho nililolitaja lilikuwa kwenda kumwona mama. Akaniambia huo ni ugonjwa wa wasiwasi, una matibabu, na kwamba hofu ikishaanza kumpangia mtu aende wapi na asiende wapi, hapo si pa kuvumilia tena.

Nilivuka kwenda kwa mama juzi Jumapili, baada ya miezi ya kliniki, nikitetemeka njia nzima. Bado nachoka upesi. Namfikiria sana bibi siku hizi. Ugonjwa aliukosea, na unga wake haukunitibu. Lakini aliponiona naumwa hakuniambia niache kuwaza. Aliinuka akaenda kunitafutia msaada. Hicho tu ndicho nilichokihitaji nikiwa mtu mzima, na katika nyumba iliyojaa watu wanaonipenda hakuna aliyeinuka.