Siku Niliyoosha Mbegu za Kukhu

Kosa langu la kwanza kubwa maishani lilikuwa usafi. Nilikuwa na miaka kumi, na niliosha mbegu za mahindi za nyanya yangu kwa sabuni.

Nalitaja mapema kwa sababu najijua. Nikianza na mambo matamu nitayapamba, nitaifuta aya na kuiandika upya mara nane, na mwishowe kosa lenyewe litapotea. Basi liko hapo juu. Sasa naweza kupumua na kuwasimulia, maana kila nikikumbuka siku zile moyo unanidunda kama wa mtoto aliyesikia kengele ya kwenda nyumbani.

Ninyi mliokulia Tongaren miaka ile mtanielewa. Ijumaa tulikwenda shuleni na mavi ya ng'ombe kwenye mkebe, tukasiriba sakafu ya darasa mpaka ikapendeza, kisha tukanawa mikono kwa majani ya mti uliokuwa karibu. Tulicheza mpira wa karatasi za nailoni uliofungwa kamba ya katani. Mvua ya kwanza iliponyesha tuliwakimbilia kumbikumbi, tukawala wengine wangali na mabawa. Jioni kulikuwa na ugali na mrenda unaoteleza, na asubuhi uji wa wimbi mzito kiasi cha kusimamisha kijiko. Watoto wa leo ukiwapa uji ule wanauliza kama umekwisha muda wake. Kumbikumbi wanampiga picha.

Shuleni pia kulikuwa na kibao. Yeyote aliyesikika akisema Kibukusu alivishwa shingoni, akakaa nacho hadi amkamate mwenzake. Mimi sikukivaa hata siku moja, na nilijivunia jambo hilo. Leo nalisema kwa aibu. Nilikuwa mtoto wa kupiga mstari kwa rula chini ya jina langu, mtoto wa kulia akipata kumi na tisa kwa ishirini.

Nyanya tulimwita Kukhu, kama Wabukusu wote wanavyomwita mama wa baba. Aliishi nasi kwenye kipande cha ardhi alichogawiwa babu baada ya uhuru, ndani ya lililokuwa shamba la mlowezi. Mlowezi alikwenda, lakini mahindi yake yalibaki, na njia ya mahindi ikabaki vilevile. Malori yalikuja wakati wa mavuno, yakapakia magunia, yakaelekea Kitale. Miezi michache baadaye unga ukaturudia dukani, umevaa pakiti yenye picha ya mama anayetabasamu. Kukhu alikuwa akiitazama pakiti na kusema, "Huyu mama anamcheka nani? Si ni mahindi yetu haya?"

Tulipanda mbegu ya dukani kama majirani wote, na sitaisema vibaya: ndiyo iliyonisomesha. Lakini Kukhu alikuwa na mbegu yake nyingine. Ilikuwa mahindi mafupi, meupe yenye punje za zambarau hapa na pale, aliyoyachagua mwenyewe shambani. Aliyafunga mawili mawili kwa maganda yake na kuyatundika kwenye ufito juu ya mafiga. Moshi uliyafukiza mwaka mzima hadi yakawa meusi tititi. Mvua ya Machi ikinyesha mara ya kwanza, kabla mbegu ya dukani haijafika, Kukhu alishusha yale meusi akapanda. Majirani nao walipita, kila mmoja akaondoka na hindi moja au mawili. Mbegu ile haikujaza gunia sana. Ila ilikomaa mapema, na katika miezi ile ambayo maghala yamekwisha na shamba kubwa bado ni kijani, sisi tulikuwa tunachoma mahindi.

Sasa sikilizeni nilivyoharibu.

Mwalimu wetu alitundika ubaoni mchoro mkubwa wa nyumba mbili. Upande wa kushoto paliandikwa "Nyumba isiyo na maendeleo", upande wa kulia "Nyumba yenye maendeleo". Ya kulia ilikuwa na kabati, mikebe yenye vifuniko, na mama aliyefanana na yule wa pakiti ya unga. Ya kushoto ilikuwa na moshi. Na ndani ya moshi huo, naapa, yalikuwa yamechorwa mahindi meusi yakining'inia juu ya jiko.

Nilihisi darasa zima linanigeukia. Hakuna aliyegeuka. Kisha mwalimu akatangaza kwamba Jumamosi atazuru nyumba za wanafunzi kuona usafi, naye angeanza na ya kwangu kwa kuwa nilikuwa wa kwanza darasani.

Kukhu hakuwepo. Alikuwa amekwenda Lugulu kumuuguza dada yake aliyelazwa hospitalini. Nikapanda juu ya kigoda, nikakata vifungo vyote vya maganda na kuyashusha mahindi. Binamu yangu Nasimiyu, ambaye tulilingana umri lakini ulimi wake ulikuwa umenitangulia miaka kumi, akasimama mlangoni.

"Wewe Wekesa, unafanya nini na vitu vya Kukhu?"

"Naleta maendeleo."

"Ati maendeleo! Umemuuliza?"

"Kukhu hajasoma."

"Haya bana. Akirudi, mimi sikuwepo. Hata sikujui."

Niliyapeleka kwenye beseni, nikayasugua moja moja kwa sabuni ya kufulia na brashi ya viatu. Maji yalibadilika kuwa wino. Yalipong'aa niliyapukuchua, nikajaza punje kwenye mkebe wa plastiki, nikakaza kifuniko kwa nguvu zangu zote na kuuweka juu ya kabati. Nikaandika karatasi kwa herufi nzuri: MBEGU. Mwalimu alikuja, akautazama mkebe, akanipapasa kichwa. Sijawahi tena kuwa na furaha kama ile, na ndiyo inayonitia hofu hadi leo kila ninaposifiwa.

Kukhu alirudi baada ya wiki mbili. Aliingia jikoni, akaweka mzigo chini, akainua macho. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Ziko wapi?" Nikamletea mkebe kwa mikono miwili, kama unavyompa mgeni maji ya kunawa. Alipofungua, harufu ya pombe ya busaa iliyochacha ikatupiga usoni. Punje zilikuwa na joto, zimeshikana, zimeota nywele za kijani na mizizi myeupe isiyojua pa kwenda.

Alichukua punje moja, akaipasua kwa ukucha. Kisha akasema, "Jina lako linasema ulizaliwa wakati wa mavuno, Wekesa. Ndiyo maana hujui mambo ya kupanda."

Afadhali angenichapa.

Mvua ilinyesha siku tatu baadaye. Majirani wakaja mmoja mmoja, wanawake wenye kanga mabegani, wakapiga hodi kama kawaida. Nilikuwa nimejificha nyuma ya mlango nikisubiri atamke jina langu. Kila aliyekuja, Kukhu alimwambia, "Mwaka huu nimepumzika." Mbegu ya dukani ilichelewa mwaka ule, na kijiji kizima kikasimama kando ya barabara kikitazama upande wa Kitale, kikingojea lori. Sisi nasi tulingoja, mikono mitupu, mvua ikipita juu ya udongo uliokwisha limwa.

Kilichokuwa hatarini hakikuwa mlo wa msimu mmoja. Mbegu ile Kukhu aliipata kwa mama yake, naye kwa mama yake, na kwetu haikubaki hata punje moja, wala kwa majirani, ambao walikula yote waliyovuna wakitegemea jiko letu.

Tumaini lilikuwa mahali pamoja tu. Msichana akiolewa, huondoka na mbegu ya jiko la mama yake. Senge, dada yake baba, alikuwa ameolewa Chwele na mbegu ile ilikwenda naye. Lakini Kukhu hakuweza kwenda kuiomba. Kwetu, aliyetoa mbegu hairudii kwa mdomo wake. Ni kama kumwambia binti kwamba umeijutia zawadi. Aliyepoteza ndiye anayeomba. Aliyepoteza alikuwa mimi.

Tulikwenda siku ya soko, mimi na Nasimiyu, tukiwa juu ya pikapu ya muuza mbuzi. Chwele ilikuwa imefurika: ng'ombe, vitunguu, bodaboda zimebeba kuku kichwa chini. Njia nzima nilikariri hotuba. Nilipomfikia Senge, nikiwa nimesimama mbele ya mlango wake na sare ya shule, hotuba yote ilitoka na machozi.

"Senge, nimeosha mbegu ya Kukhu."

"Umeosha?"

"Na sabuni, Senge," Nasimiyu akadakia. "Na brashi ya viatu."

Senge alijizuia kidogo, kisha akaangua kicheko hadi akashika ukuta. "Uuui! Si ungezipaka na mafuta kabisa ziende kanisani!" Alipochoka kucheka alifuta macho, akaingia jikoni kwake, na kupitia moshi nikaona mahindi yake yakining'inia, meusi kama yetu yalivyokuwa. Alishusha mahindi manane. Sikupewa mfuko. Nilikumbatia yote kifuani hadi Tongaren, na masizi yakaingia kwenye shati langu jeupe na hayakutoka kamwe.

Kukhu aliponiona nimechafuka vile, alicheka kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka Lugulu. Tulipanda siku hiyohiyo, tumechelewa, safu chache tu. Ziliota. Nilizihesabu kila asubuhi kabla ya shule.

Sikufika chuo. Nilichojua baadaye nilijifunza mwenyewe, kwa simu yenye kioo kilichopasuka na vitabu vya maktaba ya Kitale, nikisoma jinsi nchi zilizotawaliwa zinavyoweza kuinuka. Nilisoma kwa pupa! Wapo waliosema tuuze nje tunacholima na mengine yatafuata. Wapo waliosema tufunge mlango tujenge viwanda vyetu. Wapo waliosema tukope, tuige, tuharakishe. Nilijaza daftari na kulichana, nikajaza jingine. Karibu kila kitabu nilichokifungua kilikuwa na ule mchoro wa nyumba mbili, na kilitutaka tuhame kutoka kushoto kwenda kulia. Nilikuwa nimeshahama mara moja. Nilijua harufu yake ukifungua kifuniko.

Kisha nikasoma jambo lililonitoa kitini. Moshi hukausha punje na kufukuza dumuzi, yule mdudu anayetoboa mahindi ghalani. Masizi hayakuwa uchafu, yalikuwa kazini. Lakini mkebe nao haukuwa na hatia! Punje kavu ikifungiwa pasipo hewa, mdudu hufa. Kosa langu lilikuwa kufungia maji ndani. Unachukua chupa kavu, unatia punje na chumvi kavu, unatikisa. Chumvi ikishika chupa, mbegu bado ina maji. Nilikimbia na chupa kwa Kukhu kama nimegundua moto. Aliitikisa, akaitazama juani, akasema, "Hii ingekuja mapema, ungeokoa sabuni yangu."

Sasa mimi na Nasimiyu tuna mashine ndogo ya kusaga hapa Tongaren. Sehemu ya mahindi bado huondoka na malori kwenda Kitale, lakini sehemu hubaki, hugeuka unga hapahapa, na pakiti yetu haina mama anayetabasamu. Nasimiyu alikataa. "Nani acheke, na sisi ndio tunaotoka jasho?" Wateja wetu vijana wanapika kwa gesi, majiko yao hayana moshi wala pa kutundika chochote, mmoja aliniuliza kama mbegu ya Kukhu inapatikana mtandaoni. Nilimcheka, halafu nikakumbuka brashi ya viatu, nikamletea chupa na chumvi.

Enzi zile majirani walipita jikoni wakaondoka na hindi mkononi, na moshi ulifanya kazi bila kusifiwa. Naitamani harufu ile kwenye nguo. Sikitamani kikohozi cha Kukhu kilichokwenda nayo. Siku hizi majirani wanakuja na chupa na chumvi, wanatikisa, wanabishana, na mvua ya kwanza inawakuta na mbegu nyumbani, macho yao hayako barabarani.

Mbegu ya Kukhu leo iko ndani ya mkebe wenye kifuniko, juu ya kabati, na haiozi. Naikausha kwanza. Na kabla ya kufunga, namuuliza Kukhu.