Bunduki za Wawindaji Mezani Pangu

Siku ya kwanza nilipoingia katika atelye, yaani karakana, ya bunduki za wawindaji, hapa Kalemie, nilipewa ufagio. Mkononi nilikuwa na barua ya kazi yenye muhuri, imeandikwa wazi kwamba mimi, Zaina, ni fundi msaidizi. Chef wa Atelye, mkubwa wa karakana hiyo, aliisoma mara mbili, akanitazama toka kitambaa cha kichwa mpaka viatu, akasema, "Sawa, Mama. Anzia pale kwenye kona."

Nikafagia. Nilipomaliza akaniuliza kama ninajua kupika chai. Nikamjibu kwamba ninajua, lakini ninajua pia kushika tupa na kurudisha springi mahali pake, kwa sababu baba yangu alitengeneza mota za mitumbwi bandarini maisha yake yote, na zile springi zilizomruka ni mimi niliyekuwa nazitafuta mchangani. Hakucheka. Alichukua bunduki ya mitutu miwili ukutani, akailaza mezani.

"Niambie, nini iko mubaya hapa."

Nikaifungua kwanza. Ndani ya mtutu wa kushoto mlikuwa na katushi, yaani ganda lenye baruti na chembe za risasi. Nikaitoa, nikaiweka mbali, ndipo nikaanza kuangalia.

"Simama hapo," akasema. "Hiyo katushi iko tupu, niliiweka mimi. Wiki hii nimepima wanaume watatu. Wote walianza kusifu mbao. Hakuna hata mumoja alifungua kabla ya kuangalia." Kisha akapika chai yeye mwenyewe.

Nawaandikia ninyi vijana jambo hili kwa sababu ndilo nililolirudia mpaka sauti ikanikauka, na mpaka leo watu hawalisikii. Bunduki ikikufikia mkononi, hata kama aliyekupa ni padri, hata kama ameapa kwamba haina kitu, ifungue. Wanaume wanaona haya kufungua mbele ya mwenye bunduki, eti ni kumwita mwongo. Basi mwiteni mwongo. Atapona.

Kazi yetu ilikuwa bunduki za kuwindia tu, zile za kalibri, yaani kipimo cha mtutu, kumi na mbili, zenye kibali. Za askari hazikuletwa kwetu. Wawindaji walizileta kupimwa, na sisi tulisaini kwamba bunduki ni salama, au tulizizuia. Chef wa Atelye alinifundisha kusoma mtutu. Unautoa kwenye kitako, unauelekeza kwenye mwanga wa dirisha, unatazama ndani. Mtutu mzima unaonyesha pete za mwanga zilizopangana vizuri mpaka mwisho. Ukiona pete moja nyeusi imekaa kama kivuli, hapo chuma kimevimba. Mara nyingi mwenyewe alipiga risasi huku mdomo wa mtutu umezibwa na tope, au na kitambaa alichokisahau, na chuma kikatanuka. Siku nyingine kitapasuka, na mkono wa kushoto wa mpigaji uko hapo hapo chini yake.

Baadaye unafunga bunduki, unaondoa mbao ya mbele, unaishika kwenye kitako na kuitikisa kidogo. Ikigongagonga kama mlango wenye bawaba mbovu, haifai kupigwa mpaka itengenezwe. Na kile kifyatulio, sisi tunasema detanti, usikivute ovyo bunduki ikiwa tupu. Msumari mdogo unaopiga fataki ya katushi unakatika kwa mchezo huo. Nimebadilisha misumari mingi sana, na kila mwenye bunduki aliniambia, "Mama, umekatika peke yake."

Halafu mafuta. Ee Mungu wangu, mafuta! Watu walipaka bunduki mawese. Mawese ni ya kupikia sombe na samaki. Ndani ya bunduki yanaganda kama gundi, yanashika vumbi, na springi zinalala usingizi. Nilikuwa nafungua bunduki ya mtu mzima mwenye heshima zake nasikia harufu ya jiko. Wengine waliitundika juu ya moshi, wengine waliifunga ndani ya mfuko wa turubai ikiwa bado na unyevu wa ziwa, na baada ya msimu wa mvua wakaniletea kutu yenye kitako. Safisha siku hiyo hiyo uliyopiga. Pitisha kitambaa kikavu kwanza, kisha chenye mafuta mepesi ya mashine, kidogo tu. Iache wazi ipate hewa. Ni hayo tu. Mtoto wa darasa la pili angeweza.

Kuhusu kupiga, Chef wa Atelye alikuwa akitupeleka bondeni nje ya mji, anarusha vifuniko vya makopo hewani. Mimi nilikosa vyote.

"Unalenga sana," akaniambia. "Hii haiko bunduki ya risasi moja. Chembe zinatoka kama mvua. Weka kitako kwenye bega, shavu juu ya mbao, macho yote mawili wazi. Mufuate ndege, mupite kidogo, vuta. Na usisimamishe mikono!"

Hapo kwenye kusimamisha mikono ndipo wengi wanapokosea. Mtu anamfuata kanga vizuri, anavuta detanti, na papo hapo mikono inaganda ili aone kama amepiga. Chembe zinapita nyuma ya mkia. Kanga anaenda zake. Kisha bunduki inaletwa kwangu eti mtutu umepinda.

Nilikaa miaka mingi chini ya Chef yule, na nilikuwa nimeshakuwa fundi kamili tulipoletewa Chef wa Serivisi mpya, mkubwa wa biro, yaani ofisi yetu yote. Alikuwa mtu wa makaratasi, mwenye koti lenye mifuko mingi na bunduki mpya inayong'aa. Alipenda kusema kwamba amewinda tangu utoto. Sikumbuki mwanaume aliyeniambia kitu tofauti.

Msimu mmoja wakulima wa Kiambi walileta malalamiko: nguruwe pori walikuwa wanamaliza mihogo. Chef wa Serivisi akaamua kwenda mwenyewe na wawindaji wawili wenye kibali, na mimi nikachukuliwa ili kuangalia bunduki. Asubuhi, kabla hatujaingia njia ya porini, nilipima bunduki zote tatu. Zilikuwa nzima. Nikaomba kuona na katushi.

Wale wawindaji wakanionyesha zao. Chef wa Serivisi akapigapiga mifuko yake. "Hizi nilipewa na rafiki yangu, zimetoka ng'ambo, Kigoma. Ziko mupya."

"Niruhusu nizione, Chef."

"Mama Zaina, wewe utengeneze. Kupiga, utuachie sisi."

Nikanyamaza. Hilo ndilo kosa langu katika habari hii, na ninalikubali. Ningesimama pale pale njiani kama mbuzi aliyekataa kuvuka maji.

Saa tatu hivi, wakulima walikuwa wamejipanga nyuma yetu, mbwa wakafukuza nguruwe kutoka kwenye majani. Chef wa Serivisi akainua bunduki, akavuta. Nikasikia mlio mdogo mkavu: tak. Hakuna kishindo. Nguruwe akapita mbele yake. Chef akafungua bunduki, akatazama mahali pa katushi ya kulia, akaona pako wazi. Alidhani alisahau kuijaza. Akachukua katushi nyingine mfukoni, akaisukuma ndani.

Mimi nilikuwa hatua mbili nyuma yake. Mwili wangu ulielewa kabla ya kichwa. Nilimwona kwa nyuma akijaza ule mtutu tulipojipanga, na sasa ulikuwa wazi bila katushi kutoka. Basi ile ya kwanza ilikwenda wapi?

"Chef, usifunge!"

Akafunga. Nguruwe wa pili alikuwa anatoka. Nilirukia bunduki, nikaikamata mitutu kwa mikono yote miwili, nikaisukuma iangalie ardhini mbali na watu.

"Kidole, Chef! Toa kidole!"

Akakitoa, nadhani kwa mshangao tu. Uso wake ulibadilika rangi. "Unanikamata? Mbele ya watu?"

Nilifungua, nikatoa ile katushi ya pili, nikaitenganisha mitutu na kitako. Nikakata fimbo nyembamba, nikaiingiza kupitia mdomo wa mtutu na kusukuma taratibu. Ikadondoka katushi ya manjano kwenye kiganja changu.

Ilikuwa ya kalibri ishirini, ndogo kuliko zetu, maana katika kipimo hiki namba ikikua katushi inapungua. Hutengenezwa za manjano ili watu wazitofautishe. Ikiingizwa katika bunduki ya kumi na mbili, inateleza mbele kidogo na kukwama ndani ya mtutu, mahali ambapo ukifungua huioni. Nyuma yake kunabaki nafasi ya katushi nyingine. Ukipiga hiyo ya pili, ya kwanza inaziba njia na kulipuka pamoja nayo, na mtutu unapasuka mbele ya uso wako.

Niliwaeleza wote hivyo, kwa sauti ya kawaida. Mama mmoja mkulima akasema, "Yesu." Mwindaji mmoja akamwaga katushi zake zote chini akaanza kuzikagua. Chef wa Serivisi akatazama ile ya manjano muda mrefu.

"Bon," akasema. "Turudi."

Njia nzima alitembea mbele, mbali na mimi.

Wiki ileile nilipata barua ya mistari miwili. Kwa mahitaji ya kazi, nahamishiwa Kabimba. Chef wa Atelye alikuja kuniaga nikiwa nafunga vyombo.

"Zaina, ungemuambia kwa sikio, polepole."

"Sikio gani, Chef? Kidole kilikuwa kwenye detanti."

"Najua. Nakuambia tu vile wakubwa wanapenda." Akanipa tupa yake bora, ile yenye mpini wa mti mwekundu, na hakunitazama usoni.

Huko Kabimba nilikuwa na chumba kimoja, meza moja, na vumbi jeupe la chokaa lililoingia kila mahali, hata kwenye chai. Nilikasirika kila siku kwa miaka minne. Mume wangu alibaki Kalemie na kazi yake, akawa anakuja na boti kila alipopata nafasi. Siku moja, akiwa amechoka na safari, akasema, "Ungemwacha apige." Kisha akasema hakumaanisha, na mimi nikasema najua, na hatukulizungumza tena. Lakini nakiri kwamba katika mwaka wa kwanza na mimi niliwahi kuliwaza.

Mwaka wa nne Chef wa Serivisi alikuja kukagua. Alikagua daftari, alikagua dirisha, alikagua hata choo. Alipomaliza akawaambia aliokuja nao watangulie garini. Akaweka bunduki yake mezani pangu, imefunguliwa, na pembeni makopo mawili yenye vifuniko. Katika moja mlikuwa na katushi za kumi na mbili peke yake, zimepangwa. Katika jingine zile za manjano alizokuwa nazo, na juu yake ameandika kwa wino mkubwa: HAPANA.

"Upime," akasema.

Nikapima kila kitu, taratibu, makusudi. "Iko muzuri, Chef."

"Merci." Akafunga makopo. Mlangoni akageuka kama anayetaka kusema jambo, akaishia kusema kwamba paa linavuja. Mwezi uliofuata nilirudishwa Kalemie. Kuhusu Kiambi hakuwahi kutamka hata neno moja, na nilipoacha kulisubiri ndipo nilipoanza kulala vizuri.

Nilimaliza kazi nikiwa mimi ndiye Chef wa Atelye. Miaka ya mwisho ilikuwa migumu kuliko yote. Vita vilipokuja, neno bunduki lilibadilika maana. Majirani waliojua kazi yangu tangu zamani walianza kushusha sauti nikipita. Watu waliokimbia vijiji vyao walijaa Katanika, pembeni mwa mji, na baadhi yao walikuwa na bunduki za mababu zao, ambazo biro iliagiza ziletwe kupimwa.

Mmoja alikuwa Papa Kalenga, mtu wa makamo aliyetoka njia ya Kiambi. Alikuwa amepoteza nyumba, mbuzi, na shamba. Alichobeba ni bunduki ya babu yake, imefungwa kwenye blanketi. Niliufungua mtutu, nikautazama kwenye mwanga. Pete nyeusi mbili. Karibu na bawaba palikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

"Papa, hii siwezi kusaini."

"Juu ya nini? Mwaka jana nilipiga nayo paa."

"Mwaka jana ulipona."

Alinisihi, akakasirika, akalia. Aliniambia kwamba vita vimemchukulia kila kitu, na kilichobaki ninakichukua mimi. Tupa na springi hazitengenezi jambo kama hilo. Nikaizuia bunduki, nikasaini karatasi, nikaenda kukaa nyuma ya atelye mpaka nilipoweza kurudi.

Sasa nimestaafu. Bado wananifuata nyumbani na mitutu yenye mawese, na bado nagomba. Ninyi mnaotaka kazi hii mjue: mkiifanya vizuri hapatatokea kitu, na hakuna atakayewashukuru kwa kitu ambacho hakikutokea. Hilo linachosha. Wakati mwingine nilitamani mtu mmoja tu aje aniambie, Mama, ulikuwa na haki.

Juma lililopita nilikwenda Katanika kumtembelea shangazi wa mume wangu. Kando ya njia, mtu alikuwa amekaa kwenye jiwe anasuka kikapu. Akainua kichwa.

"Ni wewe ulikataa bunduki ya babu yangu."

"Ni mimi, Papa Kalenga. Habari ya siku nyingi?"

"Ilikuwa nzima ile bunduki. Ilikuwa nzima kabisa! Wewe ulikuwa na roho mubaya tu."

Nilikuwa na maneno yote tayari, ya pete nyeusi na ya ule ufa. Nikatazama mkono wake, ule unaokaa chini ya mtutu. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa kinabana utepe wa mwanzi, na vingine vinne vinaupitisha chini, juu, chini, haraka sana, bila yeye kuviangalia.

Nikakaa kwenye jiwe la pili. Akaendelea kunitukana na kusuka, na mimi nikamwacha amalize vyote viwili.