Mwalimu Theonest na Daftari la Mazin

Tangu mkewe afariki, Mwalimu Theonest hakuwa na mtu wa kuzungumza naye pale Mtoni ila Arwa, mwanafunzi wake wa mwisho wa tuisheni. Wengine walishahamia senta, kwenye madarasa makubwa ya tuisheni. Arwa alifika saa kumi jioni, na kwa ajili ya saa hiyo moja mzee alinyoa ndevu kila siku.

Siku hiyo Arwa aliingia na daftari kuukuu la kaka yake Mazin, aliyefundishwa na mwalimu huyuhuyu. Familia nyingi hufanya hivyo: mdogo hurithi notisi za mkubwa.

"Shikamoo Mwalimu. Shule nimekoseshwa. Nimeandika *I am expecting for my father* kama ilivyo humu, ticha kasema *expect* haitaki *for*. Inayotaka ni *wait*."

"Huyo ticha wenu kaacha ziwa juzi tu. Andika nilivyofundisha mie."

Arwa akacheka, akaandika.

Alipoondoka, mzee akafungua kamusi. *Wait* ni kukaa ukingoja, na *for* hutangulia yule unayemngoja. *Expect* ni kuamini kwamba mtu atakuja, nayo haihitaji *for*. Miaka thelathini alikuwa akiwafundisha watoto kwamba maneno hayo ni mamoja. Na leo amemdhihaki mwenzake aliyesema kweli.

Angenyamaza, Arwa angerudi kesho. Lakini mtoto angelibeba kosa hilo hadi kwenye mtihani, na mwalimu anayelinda kiti chake kwa uongo ni mwizi tu. Akavaa viatu, akaenda dukani kwa Wahiba, mama wa Arwa, akaeleza yote mbele ya wateja.

"Mwalimu nawe! Ungenyamaza, nani angejua?"

"Ningejua mie, Mama Mazin."

"Babu," mteja mmoja akadakia, "na sie uliotufundisha zamani tukashtaki wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Wahiba hakucheka. Alimaliza kupima sukari, akasema taratibu, "Nisamehe, Mwalimu. Mtoto ana mtihani Novemba. Nitampeleka senta na wenzake."

"Ni haki yako, mama."

Kesho yake Arwa alipita barabarani na wenzake, mkoba begani.

"Shikamoo Mwalimu!"

"Marahaba, binti!" mzee akaitikia kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Hakuwa amesema neno jingine na mtu tangu asubuhi.