Uzi wa Pili

Mume wangu alirudi kutoka migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka akiwa na gitaa na masikio mabovu. Gitaa alijua analo. Masikio hakuyajua, mimi ndiye niliyeyajua, na hapo ndipo kosa langu linapoanzia. Mwingereza alikuwa bado anatawala, na sisi tulikuwa na shamba letu la kahawa huku juu Mbozi, watoto wawili na nyumba ya tofali mbichi.

Hakulipiga gitaa kama watu wengine. Alikaa akalilaza mapajani, uso juu. Kwenye shingo, kule juu, alikuwa amechomeka kipande cha mfupa wa ng'ombe ili nyuzi ziinuke zisiguse mbao. Mkono wa kushoto haukubonyeza chochote. Ulishika kipande cha chuma kilichokatwa kwenye fito ya kutobolea miamba, akakiburuta juu ya nyuzi, na mkono wa kulia ulivaa kucha za bati alizozikata mwenyewe kwenye kopo la maziwa. Sauti ilikuwa ikiteleza kutoka mahali hadi mahali bila kukatika, kama mtu anayeimba. Alisema alifundishwa na Mnyasa mmoja waliyelala naye chumba kimoja kule mgodini, naye alijifunza kwa kusikiliza santuri. Majirani walikuja jioni kukaa uani kwetu kumsikiliza, na yeye alikuwa hana furaha nyingine kubwa kuliko hiyo.

Mimi nilikuwa mwimba kwaya. Kanisani tulifundishwa kwa do, re, mi, kwa hiyo siku ya kwanza alipozipitisha kucha zake juu ya nyuzi zote sita bila kuweka chuma, nilizisikia zikijitaja moja moja, kuanzia nene mpaka nyembamba: so, do, so, do, mi, so. Hiyo ilikuwa ya nyimbo za furaha. Kwa nyimbo za msiba aliulegeza uzi mmoja tu, ule wa pili kutoka ule mwembamba kabisa, mi ikashuka nusu, na gitaa lote likaanza kulia.

Kuishusha aliweza. Kuirudisha ndipo ilipomshinda. Ile mashine ya kutobolea miamba ilikuwa imemla sauti nyembamba zote. Aliukaza uzi, akainamisha sikio, akaitikia kwa kichwa, ameridhika, na uzi bado uko chini. Na kwa kupiga kwa chuma, kosa halifichiki. Chuma kinalala juu ya nyuzi zote pamoja. Uzi mmoja ukiwa mbaya, unakuwa mbaya kila unakokwenda.

Sikumwambia. Asubuhi alipokwenda shambani nililishusha gitaa ukutani, nikaimba mi yangu polepole, nikazungusha ule ufunguo wa uzi mpaka sauti yake na yangu zikakutana. Nikalirudisha. Jioni akapiga vizuri sana, akajisifu, nami nikamsifu. Ikawa kazi yangu kila alipotoka msibani.

Baadaye nilianza kukishika na chuma chenyewe. Siku za kwanza nilitoa mlio wa mbuzi. Nilikuwa nakiweka katikati ya vile vijiti vya shaba vinavyokata shingo, mahali ambapo mtu wa gitaa la kawaida angeweka kidole, kumbe chuma kinatakiwa kisimame juu ya kijiti chenyewe, sawasawa, si mbele wala nyuma. Kisha nyuzi za nyuma ya chuma zikawa zinavuma ovyo. Nikamtazama jioni, huku najidai nachambua maharage, nikaona anaviburuta vidole vyake viwili nyuma ya chuma kuzinyamazisha. Nikafanya hivyo. Nikajifunza na kukitikisa kiganja kidogo mwishoni mwa sauti ndefu. Misimu miwili ya kahawa ilipopita, nilikuwa napiga wimbo mzima wa kanisani peke yangu nyumbani, na nilifurahi jamani, siwezi kusema uongo. Nilijiambia nanyamaza ili nisimuumize kwa habari ya masikio yake. Lakini pia nilipenda kuwa na kitu ambacho yeye hakijui.

Kisha ikaja harusi ya binti wa dada yake, kule bondeni Msangano. Wifi alituma neno kwamba mjomba lazima aje apige, maana upande wa bwana harusi ni watu wa ng'ambo, wengine wamefanya kazi migodini, wanaujua upigaji ule. Mume wangu alizungumza habari hiyo wiki nzima. Alitaka wale watu wa migodini wamsikie.

Mchana wa siku moja kabla ya safari, walikuja ndugu zake watakaotusindikiza. Tulikuwa tumetoka kuzika kwa jirani, uzi wa pili uko chini. Ndugu mmoja akaniuliza kwa utani kama na mimi najua gitaa. Kabla sijafungua mdomo, mume wangu akacheka.

"Huyu? Huyu kazi yake kulifuta vumbi. Mwanamke masikio ya nyuzi atayatoa wapi?"

Wote wakacheka. Na mimi nikacheka, nikawamiminia togwa, lakini moyoni nilikuwa nimefura. Nina hasira za karibu, hata mama yangu alinisema kwa hilo.

Asubuhi akaukaza uzi, akainamisha sikio, akaitikia kwa kichwa. Akaliweka gitaa kitandani juu ya blanketi, akaenda kuoga. Nilikuwa na nafasi ya kutosha. Nilisimama pale nikalitazama, nikasema moyoni, haya basi, mwenye masikio, nenda kawapigie. Nikalifunga ndani ya blanketi kama lilivyo.

Pale harusini walimpa kigoda katikati ya watu. Nilijua litalia vibaya, ila sikujua ni vibaya kiasi kile. Ile mi haikuwa ya harusi wala ya msiba, na joto la bondeni lilikuwa limezilegeza hata nyingine. Wageni wakatazamana. Msichana mmoja akaziba mdomo, wenzake wakaangua kicheko, na kicheko kikazunguka uwanja mzima. Yeye aliona watu wanacheka akadhani wamefurahi. Akatabasamu, akazidisha, akakitikisa kiganja kwa madaha.

Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi ndiye aliyemwonea huruma. Alimwinamia, akamwambia kwa sauti kubwa lakini kwa heshima, akimwita bwana kwa lugha ya kwao, "Mukwai, uzi wako wa pili umelala. Ukaze kidogo."

Akaukaza. "Sasa?" Mzee akatikisa kichwa. Akaukaza tena. "Sasa?" Aliuliza mara ya tatu, kisha akainua macho akanitafuta kati ya wanawake. Hakunitafuta kwa kunishuku, alinitafuta kwa sababu nilikuwa mke wake. Kutoka nilipokaa mpaka kwenye kile kigoda zilikuwa hatua kumi hivi. Nikainama kumfunga mtoto nguo ambayo haikuwa imefunguka.

Tukiwa njiani kurudi, tunapanda, alisema, "Juzi nilipiga nyumbani na hakuna aliyecheka. Masikio yangu yamekufa kwa siku moja, mama watoto."

Maneno nilikuwa nayo mdomoni. Hayakufa juzi, yalikufa mgodini, na tangu urudi mimi ndiye sikio lako. Lakini kumwambia kwamba siku zote nilikuwa namrekebishia kulikuwa ni kumwambia kwamba siku ile niliacha kwa makusudi. Nikashindwa. Ili nifiche ubaya wa asubuhi moja, nikaficha na wema wa miaka yote.

"Labda ni joto," nikasema.

Hakupiga tena. Majirani walikuja mara mbili tatu, wakaona amekaa tu, wakaacha. Mwishowe alimpa gitaa mdogo wake. Baada ya mwezi, shemeji akarudi nalo. Nyuzi zote alikuwa amezifungua kuzisafisha, na sasa hajui zinakaaje.

"Sijui tena, mdogo wangu," mume wangu akamjibu. "Nikikwambia nitakudanganya."

Shemeji akanigeukia. Nilikuwa nimekaa na ungo wa kahawa, natoa punje mbovu. "Shemeji, wewe ulikuwa hapa siku zote. Hukuwahi kusikia zinavyokaa?"

Mume wangu naye akanigeukia. Siku hizo alikuwa ameanza kusikiliza kwa macho. Alikuwa akiutazama mdomo wa mtu akingoja. Aliutazama wangu, na niliona anatumaini, naapa niliona. Ningeweza kuziimba zote sita pale pale. Nikarudisha mikono ndani ya kahawa.

"Sijui, shemeji," nikasema.

Mume wangu aliniamini.