Mlango wa Kulia wa Pikapu ya Lukozi

Mtu akiuliza pale Lushoto ni fundi gani awezaye kulirudishia gari sura yake, aliambiwa, "Mtafute Kristofa, yule asiyesema." Hawakumsengenya. Kristofa wa Gare alikuwa mtu wa maneno machache tangu utotoni, na kazi ikamzidishia ukimya, maana mashine ikishaanza kunguruma hakuna anayekaa karibu kupiga soga.

Kazi hiyo alifundishwa na Bwana Kanji, Mhindi aliyekuwa na gereji upande wa chini wa mji. Kanji ndiye aliyepandisha kutoka Tanga ile mashine ya umeme ya kung'arishia: chuma kizito chenye mishikio miwili, na mbele yake sahani ya mviringo iliyovikwa manyoya ya kondoo. Kristofa alijifunza kwamba ukiizubaisha mahali pamoja inaunguza rangi, na ukiikimbiza inapita bure kama mgeni asiyebisha hodi. Mwaka wa Uhuru wakang'arisha magari yote yaliyopita kwenye gwaride la mji. Secilia, mkewe, alisimama kando ya barabara amevaa kanga mpya, akawa anawaambia watu, "Lile jeusi ni la mume wangu." Wenye kumjua wakacheka, kwa sababu mumewe hakuwa na hata baiskeli.

Secilia hakuishi sana baada ya hapo. Alifariki katika uzazi, yeye na kitoto chake. Ndugu wa Kristofa walimsihi aoe tena, padri naye akamsihi, na kila mmoja alijibiwa, "Tutaona," mpaka wakachoka. Kisha Bwana Kanji naye akafunga gereji ili amfuate mwanawe Uingereza. Siku ya kuondoka alimsogezea Kristofa ile mashine kwa mguu.

"Chukua. Huko mimi nitang'arisha nini? Theluji?"

Alitaka kucheka, ikashindikana. Wakashikana mikono, na Kristofa akabaki peke yake katika banda lililokuwa na sauti za watu sita.

Miaka ikawa migumu. Petroli ikaadimika, magari ya watu binafsi yakapungua, na Jumapili mchana serikali ikakataza kuyaendesha. Makopo ya dawa ya kung'arishia kutoka ng'ambo hayakuonekana tena madukani. Kristofa akajifunza kuyeyusha nta ya nyuki na kuichanganya na tapentaini, akapata kitu cha kufunikia rangi ili mvua isiishike. Wateja walikuja mmoja mmoja, wakaacha gari, wakaenda zao. Jumapili alitoka kanisani akala maharage yaliyopikwa Jumamosi, kwa kuwa kuwasha moto kwa ajili ya mdomo mmoja aliona ni kuonea kuni. Zilipita siku ambazo maneno yake yote yalikuwa salamu.

Ndipo ilipokuja pikapu kutoka kijiji cha Lukozi.

Ilikuwa Peugeot ya buluu, ingawa buluu yenyewe ilibidi uambiwe. Ilikuwa imekaa mwaka mzima chini ya mkaratusi. Majani yameoza juu ya boneti, na ukungu wa kijani umetambaa pembeni mwa vioo. Dereva wa kuazima aliiegesha akaondoka. Akashuka mama mmoja wa makamo, kitambaa cheusi kichwani.

"Onga makeo," alisalimu kwa Kishambaa. "Mimi ni Yudith, mke wa Timotheo, aliyekuwa akishusha kabichi na karoti Tanga."

"Nilimfahamu. Pole sana, mama."

"Asante. Nataka kuiuza. Mnunuzi atakuja Jumamosi, naye hatanunua kichaka."

Kristofa alidhani ataondoka kama wengine. Lakini Yudith aliangalia huku na huku, akavuta debe tupu, akaketi. Alikuwa amefikia kwa dada yake hapo mjini, akasema, na huko watoto wanapiga kelele.

Siku ya kwanza ilikwisha kwa maji na sabuni. Siku ya pili Kristofa alipapasa bati kwa ncha za vidole, akisikia ukoko wa utomvu pale ambapo jicho halikuona kitu. Akapaka dawa ya kusafishia kipande kidogo, akawasha mashine, akaipitisha taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, kisha juu kwenda chini. Manyoya yalitoka meupe yakarudi na uchafu wa buluu. Alipofuta kwa kitambaa, buluu halisi ikajitokeza, na Yudith akasimama.

"Ndivyo ilivyokuwa tulipoinunua," alisema.

Kila alipozima mashine mama yule alisema jambo, na Kristofa akajikuta anajibu. Alimweleza kwa nini nta haitaki kupakwa wakati wa ukungu, kwamba haikauki bali inageuka kama uji. Akamweleza habari za Bwana Kanji na theluji. Yudith akacheka, na Kristofa akashtuka, kwa kuwa hakujua kwamba kisa hicho kinachekesha. Mchana Yudith alileta viazi vya kuchemsha ndani ya kitambaa, wakala. Kesho yake Kristofa alinyoa ndevu kabla ya kwenda bandani, jambo ambalo hakuwa akilifanya katikati ya juma.

Siku hiyo alifika kwenye mlango wa kulia, wa dereva. Chini tu ya dirisha palikuwa na baka lililofifia, lenye mikwaruzo midogo mingi iliyoelekea upande mmoja. Akachota dawa.

"Hapo paache," Yudith alisema.

Kristofa akageuka.

"Ni mkono wake. Alikuwa akiendesha ameutoa nje, hata kwenye baridi. Mikwaruzo hiyo ni mkanda wa saa. Nilimgombeza mpaka nikachoka."

Kristofa akairudisha dawa koponi. Akamaliza mlango wote uliobaki, akalizunguka lile baka kama mkulima anavyolima akilizunguka kaburi.

Jumamosi akaja mnunuzi, Nathanaeli, mtu wa Korogwe aliyefanya kazi ya ushirika. Alikuwa mpole. Alilizunguka gari akisifu, mpaka alipofika kulia.

"Hapa umepasahau, fundi."

"Sikupasahau," Kristofa alijibu.

Nathanaeli akamtazama yeye, akamtazama mama, akahisi kuna jambo. "Basi si neno," alisema. "Nitaichukua hivyo hivyo."

Yudith akasimama kutoka kwenye debe. "Hapana, baba. Gari ni lako sasa. Hutaendesha na mkono wa mtu usiyemjua." Kisha akamgeukia Kristofa. "Pasafishe, kaka. Lakini mashine niishike mwenyewe."

"Ni nzito, mama. Inavuta."

"Nimevuta ng'ombe."

Kristofa akapaka dawa, akampa mishikio, akawasha. Mashine ikaruka pembeni kama ndama aliyefunguliwa kamba, na Yudith akapiga yowe. Kristofa akaikamata kutoka nyuma, mikono yake juu ya mikono ya mama yule, wakaituliza pamoja. Wakaipitisha kulia, wakairudisha. Mikono ya Yudith ilikuwa ya baridi na migumu kwa jembe. Tangu alipomzika Secilia Kristofa hakuwahi kushika mkono wa mtu zaidi ya muda wa salamu. Hakutazama rangi, aliiacha mikono ijue yenyewe.

Alipozima, baka lilikuwa limetoka. Yudith alifuta vumbi kwa upindo wa kanga, akakaa kidogo akiuangalia mlango, akasema, "Haya." Kristofa akapaka nta ya mwisho. Ilipokauka akaisugua, na Nathanaeli akaiteremsha pikapu polepole kuelekea Soni.

Juma zima lililofuata Kristofa alijitafutia sababu ya kwenda Lukozi, akaikosa. Mwishowe akaenda bila sababu. Aliikuta nyumba wazi, magunia mawili yamefungwa mlangoni. Yudith alikuwa anahamia Muheza kwa binti yake.

Alimkaribisha chai. Wakazungumzia mvua, bei ya karoti, ugumu wa kupata sukari. Kikombe cha kwanza kikaisha, akamiminiwa cha pili. Maneno aliyokuja nayo Kristofa yalikuwa yamepangika vizuri njia nzima, lakini sasa yalikaa kifuani kama watu wanaosukumana mlangoni, asitoke hata mmoja.

"Kaka Kristofa," Yudith alisema hatimaye, "ulikuja kusema nini?"

"Nilikuja kukusalimu."

Alimngojea kidogo. Kristofa aliangalia mikono yake.

"Basi umenisalimu," Yudith alisema kwa upole. "Ubarikiwe." Akainuka kuosha vikombe.

Kristofa alirudi kwa miguu, ukungu ukishuka msituni, akisikia kokoto chini ya viatu vyake tu. Mahali fulani karibu na Kwai alisimama akayasema yale maneno, yote, kwa sauti, kwa mpangilio wake. Yalikuwa machache kuliko alivyodhani. Kisha akaendelea na safari.

Jumatatu lilikuwapo gari la mtu likimngojea nje ya banda, mwenyewe ameshaondoka. Kristofa akalijaza debe maji, akakunja mikono ya shati, akaanza kwa paa.