Kwa Nini Sikutaka Ukoo Wetu Uandikwe

Mdogo wangu wa kiume alipopunguzwa kiwandani, wenzake walikimbilia kuuza mitumba. Yeye alinunua daftari kubwa akaanza kuandika ukoo. Nilidhani ni mambo ya mtu asiye na kazi, yatapita. Kumbe amenogewa. Akipata jina la babu mzaa babu, siku hiyo hata chakula hadai. Mimi nikisikia habari za marehemu, nakumbuka mboga niliyoacha jikoni.

Mama yetu, kabla hajafariki, alikuwa hivyo hivyo. Ukimuuliza bibi alikufa kwa ugonjwa gani, anasema homa. Ukiuliza mara ya pili, unapewa ndoo ukachote maji.

Siku moja mdogo wangu alirudi kutoka kijijini kwa mama mkubwa, mbele kidogo ya Usagara. Aliingia kwenye kibanda changu cha ushonaji hapa Igoma, uso umejaa furaha.

"Dada, bibi hakufa kwa homa. Alikatwa mapanga mlangoni kwake. Walisema ni mchawi, eti kwa sababu macho yake mekundu."

Niliacha kukanyaga cherehani. Nikamuuliza amejuaje. Alikuwa ameazima baiskeli akaenda mpaka kijiji cha zamani, kule familia ilikotoka watu walipohamishiwa vijiji vipya, akakuta mzee mmoja anakumbuka kila kitu. Wakati wa kurudi alipita dukani, kijijini kwa mama mkubwa, akawasomea vijana waliokuwa wamekaa barazani.

"Uliwasomea nini?"

"Historia yetu, dada. Walinisikiliza kweli kweli. Mmoja akauliza, kwa hiyo yule mama wa pale kwenye ua wa minyaa ndiye binti yake? Nikamwambia ndiye."

Mama mkubwa alikuwa mjane, akiishi peke yake. Tangu nimfahamu macho yake yalikuwa mekundu, kwa moshi wa mavi ya ng'ombe aliyopikia, maana kuni kule zilikuwa zimekwisha. Miaka yote ile hakuna aliyemtazama vibaya, kwa sababu hakuna aliyejua mama yake ni nani. Na kwetu wapo wanaoamini kabisa kwamba mama humrithisha binti uchawi. Mdogo wangu ni mwanaume, hakuna ambaye angekuja kumuuliza habari za macho yake. Niliogopa. Niliogopa mpaka kufuli la kibanda likanishinda, akalifunga yeye, ile furaha imemtoka usoni.

Tuliondoka saa ile ile. Njia nzima niliwaza mlango wa mama mkubwa tu, kwamba tutaukuta wazi na ndani hakuna anayeitika.

Tulimkuta uani anapepeta choroko. Vijana wawili walikuwa wamesimama karibu na minyaa, wanamtazama. Hawakutusalimia.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, wanangu. Mbona mnahema?"

Mdogo wangu alimweleza kwa sauti ya chini. Mama mkubwa hakumgombeza. Aliweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka na khanga mbili na sufuria moja. Hakuuliza tunakwenda wapi. Nilitambua kwamba amewahi kuondoka hivyo.

Tulipofika kwangu, alikaa ukingoni mwa kitanda akaomba aonyeshwe daftari. Hakujua kusoma.

"Mama yangu yuko wapi hapa?"

Mdogo wangu akamwonyesha.

"Na mimi?"

Akamwonyesha. Kidole cha mama mkubwa kilifuata mstari, kikapita jina la marehemu mama yetu, kikafika kwenye jina langu. Chini yangu palikuwa na jina moja zaidi.

"Huyu wa mwisho?"

"Binti wa dada," alisema mdogo wangu.

Binti yangu alikuwa nje, anakula muwa na watoto wa jirani. Alikuwa na miaka sita.

"Wa kike tufute," alisema mama mkubwa. "Wote."

Mdogo wangu alichukua wembe wangu wa kufumulia nyuzi, akaukata ukurasa ule. Mimi nilimwita binti yangu aingie ndani, nikafunga mlango kwa komeo, ingawa jua lilikuwa bado juu.