Siku Tulipofunga Shule ya Posta

Shule yetu haikuwa na kengele, na hilo ndilo lililomuudhi baba yangu kuliko yote. Masomo yalikuja kwa posta, ndani ya bahasha za kaki, kutoka shule moja ya Kikristo iliyokuwa Nairobi. Ulisoma peke yako, ukajibu maswali, ukayatuma, na baada ya wiki tano au sita mwalimu usiyemjua sura alikurudishia karatasi zako zimejaa wino mwekundu. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, amestaafu. Aliwaambia majirani, nami nikisikia, kwamba shule isiyo na siku ya kufunga si shule, ni barua tu.

Mimi nilikuwa nimefukuzwa sekondari nikiwa kidato cha pili, na mimba ya miezi minne. Baba hakunipiga. Aliacha tu kuzungumza nami habari za masomo, miaka minne mizima, tukila sufuria moja pamoja na mwanangu. Nilitamani aseme neno, hata liwe baya. Basi mwishoni mwa mwaka wa tisini na nane nikasema tutafunga shule, apende asipende.

Wanafunzi wa posta tulikuwa sita, wa Garsen na vijiji vya karibu, na tulijuana pale kwenye kidirisha cha posta, kila mtu akiuliza kama basi limeleta barua. Mwanzoni mwa mwaka ule mto ulikuwa umemeza barabara na bahasha zikakwama Malindi. Tukawa tunaazimana vitabu kwa mtumbwi na kusahihishana wenyewe. Mmoja wetu alikuwa mchungaji, wa ng'ombe si wa kanisa, kijana wa Kiorma na Mwislamu asiyekosa swala. Alijiunga kwa sababu ndiyo shule pekee iliyojibu barua yake.

Tuliomba chumba kanisani. Wazee wakasema mimi nimetengwa, siwezi kuongoza shughuli ndani ya nyumba ya Mungu. Niliwaambia karatasi yangu ya Biblia imepata tisini na moja, na kama wako tayari kufanya mtihani ule ule, kalamu ninayo. Chumba hatukupewa. Karani wa posta, ambaye alikwisha kuchoshwa na maswali yetu ya kila siku, akatupa baraza lake Jumamosi mchana, akishafunga ofisi.

Tulifanya kila kitu wanachofanya wenye kengele. Tulipanga mstari, tukaimba wimbo wa taifa, tukaomba. Mchungaji wetu aliinua viganja na kuomba kwa njia yake, hakuna aliyemkataza. Kulikuwa na wali wa nazi na samaki wa mtoni. Karani alivaa tai akawa mwalimu mkuu, na kama ilivyo desturi, mwanafunzi akiitwa, mzazi wake alisimama naye kupokea ripoti iliyotoka Nairobi.

Mchungaji aliitwa wa kwanza. Mama yake akasimama na kibuyu chake cha maziwa. Hesabu themanini na nane, Biblia thelathini na nne.

"Hesabu mimi najua kwa ng'ombe," kijana akasema. "Lakini hiyo Biblia iko na majina mingi sana."

Tulicheka mpaka karani akagonga meza. Kisha akaniita mimi.

Baba alikuwa amekuja. Alisimama ng'ambo ya barabara, ameshika baiskeli kama mtu anayepita tu njia.

"Mzazi wake asimame," karani akasema.

Watu wote wakageuka kumtazama. Baba hakusogea. Karani akarudia, safari hii kwa sauti ya chini, na alikuwa akinihurumia. Huruma ile ndiyo iliyonipandisha hasira mpaka masikio yakaniwaka.

"Mzazi ni mimi," nikasema. "Si ndiyo sababu nilifukuzwa? Nipe ripoti yangu."

Mama wa mchungaji, ambaye sidhani alielewa nusu ya maneno yale, akapiga vigelegele, na wengine wakamfuata. Karani alinipa ripoti kwa mikono miwili.

Tulipokuwa tunakula, Baba alivuka barabara. Hakusalimu mtu. Alininyooshea mkono, nikampa ile karatasi, akavaa miwani, akaisoma yote akiwa amesimama, pamoja na maneno madogo ya wino mwekundu yaliyoandikwa pembeni. Wali wangu ulipoa.

"Jiografia umeanguka," akasema.

Miaka minne, na hilo ndilo neno la kwanza. Ningeweza kulia kwa furaha, ila sikutaka kumpa machozi mbele ya watu.

"Nimeanguka, Baba," nikamwambia. "Nimeanguka nikiwa shuleni."